Mchunguze Mshirika Kabla ya Kuitafuta Hazina

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni mkulima wa Samuye, katika Wilaya ya Shinyanga. Umevuna mpunga, umeuza pamba, na zizini unao ng'ombe wanane uliowapata kwa jasho la miaka mingi. Jioni moja anakujia mtu ambaye husali naye msikitini, naye ameandamana na mgeni aliyevaa vizuri. Mgeni anafungua kitambaa, anakuonyesha punje ya dhahabu. Anasema kwamba huko upande wa Geita wanalo duara ambalo mwamba wake umekwisha kufikiwa, na kilichobaki ni fedha ya magogo ya kuzuia kuta, ya mashine ya kuvuta maji na ya posho ya wachimbaji. Au pengine anasema habari nyingine: kwamba liko sanduku la Mjerumani lililozamishwa majini alipokuwa akikimbia vita, na wao wanapajua mahali penyewe. Wauze ng'ombe watano tu, anasema, na baada ya miezi mitatu utanunua ishirini. Lakini usimwambie mtu, maana siri ikitoka watatutangulia wengine.

Utafanya nini? Wengi wameuza ng'ombe wao. Wengine wameuza shamba, na wengine wametoa ada ya shule ya watoto, au mali ya mayatima waliyowekewa kama amana. Somo letu la leo lahusu jambo moja tu: yampasa mtu amchunguze mshirika wake kabla ya kumpa mali, na uchunguzi huo si dharau kwa ndugu bali ni wajibu.

Kwa nini habari za hazina huaminika upesi

Uongo ulio tupu hauwapati watu wengi. Uongo unaoenea ni ule ulioota juu ya punje ya ukweli, na katika nchi yetu punje hizo zipo.

Ni kweli kwamba Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu hapa. Mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa na vita, walipiga sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo katika karakana ya reli ya Tabora, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Zilikuwa zipatazo elfu kumi na sita. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Kutokana na habari hii ya kweli yamezaliwa masimulizi yasiyo na idadi ya masanduku yaliyofukiwa chini ya mibuyu, chini ya maboma ya kale na chini ya maji. Watu wamefika hata kuchimbua mawe ya mipaka yaliyowekwa na wapima ardhi, wakidhani kuwa ni alama za hazina. Lakini sarafu hizo zilitengenezwa zipate kutumika kama fedha wakati wa vita, wala hazikutengenezwa zipate kufichwa.

Ni kweli pia kwamba ardhi ya pande hizi ina utajiri. Upande mmoja iko Mwadui, ambako Dakta John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940. Upande mwingine iko Kahama na Bulyanhulu, na mbele yake Geita, ambako mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Hata katika wilaya yenyewe ya Shinyanga iko Mwakitolyo, mahali panapojulikana sana na wachimbaji wadogo. Basi mtu akikuambia kwamba kuna dhahabu ardhini, huenda hakukudanganya. Swali lililobaki ni hili: je, huyu aliyekuja kwako ni nani, na fedha yako ataifanyia nini?

Hazina ya kweli na ushirika mbovu

Hebu tutazame mfano kutoka nchi ya mbali, kwa kuwa unaeleza jambo hili wazi kuliko mwingine. Mwaka 1857 meli ya Marekani iitwayo Central America, iliyokuwa imechukua shehena kubwa ya dhahabu ya California, ilizama katika tufani pamoja na mamia ya watu. Zaidi ya miaka mia moja na ishirini baadaye, mhandisi mmoja wa jimbo la Ohio, Tommy Thompson, aliwakusanya washirika 161, wakampa jumla ya dola za Marekani zipatazo milioni 12.7 ili aitafute. Mwaka 1988 aliipata. Meli ilikuwa ya kweli na dhahabu ilikuwa ya kweli, nayo ikatolewa kutoka vilindini mwa bahari.

Ungedhani kwamba washirika wale walitajirika. Haikuwa hivyo. Yakafuata mashauri marefu mahakamani pamoja na makampuni ya bima. Sehemu kubwa ya dhahabu iliuzwa, lakini washirika walilalamika kwamba hawakupata kitu, wakamshtaki mwaka 2005. Mwaka 2012 Thompson aliitwa na hakimu, hakufika, akatoroka. Alikamatwa Florida mwaka 2015, akawekwa gerezani kwa miaka mingi kwa kuwa hakueleza zilipo sarafu 500 za dhahabu.

Ndugu msomaji, zingatia sana. Watu wale walichunguza kama meli ilizama, na mahali ilipozama, na kama chombo cha kushuka kilindini chaweza kutengenezwa. Katika mambo hayo yote walipata majibu sahihi. Jambo lililowaangamiza ni hesabu: nani ataishika mali ikipatikana, nani atamkagua, na mshirika atapewa fungu lake lini. Kupatikana kwa hazina hakukuponya ushirika wao.

Sasa linganisha na Mwadui. Williamson alipokuwa hana fedha, wakili mmoja wa Mwanza, I. C. Chopra, alimsaidia kwa mali na kwa ujuzi wake wa sheria, akawa mshirika wake mwenye hisa. Wote wawili walifaulu. Mmoja alijua miamba, mwingine alijua sheria na maandishi, na kila mmoja alijua fungu lake ni lipi.

Je, kuchunguza ni kudhani vibaya?

Hapa ndipo moyo wa mwamini husitasita, hasa wewe uliyeingia katika dini karibuni, au wewe unayeendelea kuitafiti. Unasema: Huyu ni ndugu yangu katika imani. Nikimwomba karatasi, si nitakuwa nimemvunjia heshima? Je, Kurani Tukufu haikukataza dhana?

Ni kweli imekataza. Katika Sura ya 49, Al-Hujurat, aya ya 13 kwa hesabu inayoihesabu Bismillahi, waaminio wameonywa waepuke dhana nyingi. Lakini katika sura hiyo hiyo, aya ya 7, wameamrishwa kwamba wakiletewa habari na mtu asiyeaminika waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Amri hizi mbili hazipingani. Kudhani ni kutoa hukumu bila ushahidi. Kuchunguza ni kuutafuta ushahidi ili usihukumu kwa dhana. Basi anayesema bila ushahidi kwamba fulani ni mwizi, amedhani. Naye anayesema bila ushahidi kwamba fulani ni mwaminifu, kisha akampa ng'ombe watano, naye pia amedhani. Tofauti ni kwamba dhana ya kwanza humdhuru jirani, na ya pili huwadhuru watoto wake mwenyewe.

Zaidi ya hayo, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu haikuhusu sala wala kufunga. Ni aya ya 283 ya Sura Al-Baqara, kwa hesabu hiyo hiyo, nayo yafundisha kuandika madeni: aandike mwandishi mwadilifu, mwenye kudaiwa aseme maneno ya hati, washuhudie mashahidi, wala watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Walioambiwa hayo kwanza walikuwa Masahaba, watu waliokwisha kuacha mali na jamaa kwa ajili ya imani. Ikiwa hao waliamrishwa waandikiane, sisi wa leo tutasemaje kwamba kuandikiana ni kukosa imani?

Tukumbuke pia yaliyotokea hapa petu. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania iliusimamisha mpango uliojulikana kwa jina la DECI, ambamo watu wengi sana waliambiwa wapande fedha kama mbegu na kuvuna zaidi, nao ulienea kwa kuaminiwa kwa watumishi wa dini. Mwaka 2013 baadhi ya viongozi wake walitiwa hatiani mahakamani, Dar es Salaam. Simtajii msomaji habari hii ili kuwacheka watu wa madhehebu nyingine, kwani kosa hili halina dini. Kila palipo na watu wanaoaminiana kwa ajili ya Mungu, atakuja siku moja mtu wa kuiuza imani hiyo. Na hasara yake haiishii katika fedha. Mtu aliyeibiwa na anayesali pamoja naye safu moja huenda akaikimbia safu yenyewe.

Maswali matatu ya Hadhrat Umar

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alifika mbele ya Hadhrat Umar r.a. kutoa ushahidi. Khalifa akasema kwamba hamjui, alete mtu wa kumtambulisha. Akasimama mmoja akasema kuwa anamjua kuwa ni mwadilifu. Hadhrat Umar akamwuliza kama alipata kuwa jirani yake wa karibu, ajuaye kuingia kwake na kutoka kwake. Akasema hapana. Akamwuliza kama alipata kushughulika naye kwa dinari na dirhamu, ambako uchaji wa mtu hudhihirika. Akasema hapana. Akamwuliza kama alipata kusafiri naye, ambako tabia ya mtu hufunuka. Akasema hapana. Ndipo Khalifa akamwambia kwamba basi huyo hamjui. Na katika baadhi ya masimulizi aliongeza kwamba labda alimwona tu msikitini akiinama na kuinuka.

Chukua maswali haya matatu uende nayo kwa mgeni wako. Nenda kijijini anakokaa, uwaulize majirani, na mwenyekiti wa kijiji, na wazee wa sungusungu kama wapo. Watafute waliowahi kushirikiana naye kwa fedha, hasa wale ambao ushirika wao umekwisha, maana waliomo bado hutumaini na hawasemi yote. Kisha safiri naye mpaka machimboni, ulale huko usiku mbili tatu, umwone anavyosema na vibarua wake na anavyowalipa. Akikataa usifike huko, umekwisha kupata jibu lako.

Mambo ya kuchunguza kabla ya kutoa mali

La kwanza ni haki ya kuchimba. Kwa sheria ya Tanzania madini yaliyomo ardhini ni mali ya Jamhuri, naye Rais ameshikilia kwa niaba ya wananchi. Hivyo mtu kuwa na shamba si kuwa na dhahabu iliyo chini ya shamba. Mchimbaji mdogo hupewa leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo muda wake ni miaka saba. Usitosheke kuonyeshwa nakala. Chukua namba ya leseni, uende nayo ofisi ya Afisa Madini Mkazi, uulize: leseni hii ni ya nani, muda wake umebaki kiasi gani, nayo inalihusu eneo lipi? Mara nyingi anayekuja kwako si mwenye leseni bali ni mwenye duara tu, aliyekaribishwa na mwenye leseni kwa mapatano ya mdomo. Huyo ana sehemu, lakini sehemu yake yaweza kuondolewa, na ya kwako ikaondoka pamoja nayo. Na kama anasema habari za mali ya kale, ujue kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haimruhusu mtu kuchimbua vitu vya kale bila kibali. Mwombe kibali.

La pili ni mawe yenyewe. Punje ya dhahabu kitambaani haithibitishi kitu, kwa kuwa yaweza kununuliwa popote. Mwaka 1997 dunia ilishangaa ilipogunduliwa kwamba kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X, iliyodai kuwa na dhahabu nyingi mno huko Busang, Indonesia, haikuwa na dhahabu ya maana: sampuli zake zilikuwa zimechanganywa na dhahabu iliyotoka kwingine. Ikiwa wenye mabenki na wataalamu walidanganywa hivyo, mkulima naye ajihadhari. Basi yachukue mawe wewe mwenyewe kutoka ndani ya duara, uyatie mfukoni kwa mkono wako, ufuatane nayo mpaka kwenye karasha na mpaka yanapooshwa, wala usiyaache njiani hata kidogo.

La tatu ni mapatano. Yaandikwe, nayo yashuhudiwe na watu wasio washirika. Yataje kila mmoja ametoa nini, na mawe yakitoka yatagawanywa vipi kati ya mwenye leseni, mwenye shamba, mwenye duara, wachimbaji na wewe. Yataje mifuko ya mawe itahesabiwa na nani, na marudio yaliyobaki baada ya kuosha ni ya nani, kwa maana hayo huwa bado yana dhahabu na wengi husahau kuyataja. Yataje mshirika mmoja akifa warithi wake watapata nini. Katika ushirika wa mwenye mali na mwenye kazi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wamesema kwamba faida hugawanywa kwa mafungu, kama nusu au theluthi, wala haifai kumhakikishia mtu kiasi maalum. Hekima yake ni wazi. Hakuna ajuaye mwamba una nini mpaka uvunjwe, na mwenye kukuahidi ng'ombe ishirini kutoka duara ambalo halijatoa jiwe, ameahidi asichokijua.

La nne ni mahali pa kuuzia. Tangu mwaka 2019 yako masoko ya madini yaliyowekwa na Serikali, Geita na penginepo, ambako dhahabu hupimwa na kuandikwa. Mshirika mwema atauza huko, na karatasi ya mauzo itakuwa shahidi wako. Anayetaka kuuza kwa siri atawaficha wengine leo, na kesho atakuficha wewe. Tena atakuwa amekutia katika kosa la sheria.

La tano ni kiasi. Hata baada ya uchunguzi wote, duara laweza kuwa tupu bila ya mtu yeyote kukosa uaminifu. Kwa hiyo usitoe ila kile ambacho kikipotea nyumba yako itabaki imesimama. Mali ya yatima, ada ya mtoto, na ng'ombe ambao mkeo hakuulizwa, hizo si mali za kupelekwa duarani.

Mlango wa ramli

Yako mashauri mengine ambayo humjia mtu baada ya fedha yake kukaa duarani miezi mingi bila kuona kitu. Ataambiwa kwamba mwamba umefungwa, na kwamba yuko mganga wa kuufungua. Ndugu msomaji, hapo simama mara moja. Kurani Tukufu, Sura ya tano, imeweka ramli za mishale pamoja na ulevi na kamari, ikaziita uchafu wa kazi ya shetani. Nasi katika mikoa hii tumeona mwisho wa njia hiyo. Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoitikisa Shinyanga, Mwanza na Geita hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, yalitokana na waganga waliowaambia watu kwamba viungo vya binadamu vitawaletea utajiri, na miongoni mwa walioambiwa hivyo walikuwamo watafutaji wa dhahabu. Basi katika maswali yako ya kwanza kabisa muulize mshirika: je, kuna mganga katika kazi hii? Kama yupo, usitoe hata shilingi moja, na ukisikia neno la kumdhuru mtu, litoe taarifa siku hiyo hiyo.

Mfano wa Bibi Khadija

Mtu akisema bado kwamba kukaguana ni kukosa kuaminiana, amtazame Bibi Khadija r.a. Alikuwa mfanyabiashara wa Makka, naye alisikia sifa za kijana Muhammad s.a.w., ambaye watu wa mji walimwita Mwaminifu. Kisha akampa mali aende nayo Sham, na pamoja naye akamtuma mtumishi wake Maisara. Msafara uliporudi alipata hesabu ya biashara, na Maisara akamweleza aliyoyaona njiani. Hivyo hata mkweli kuliko watu wote alisafiri na shahidi, wala hakuona vibaya. Shahidi yule ndiye aliyemzidishia heshima, maana uaminifu ulioshuhudiwa una nguvu kuliko uaminifu uliosimuliwa.

Tena katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume Mtukufu s.a.w. alieleza kwamba Mwenyezi Mungu huwa wa tatu pamoja na washirika wawili maadamu hakuna anayemfanyia mwenzake hiana, na ikiingia hiana hutoka kati yao. Ushirika, basi, ni jambo tukufu. Hatukuandika somo hili ili watu wa Samuye wakae mbali na machimbo, wala ili ndugu waogopane. Tumeliandika ili washirikiane kwa namna ambayo hata dhahabu isipopatikana, waweze kusimama tena safu moja bila kinyongo.

Turudi sasa kwenye ua wako jioni ile. Mgeni amenyamaza, anangoja jibu. Mkaribishe chakula, kwa kuwa ni mgeni. Kisha mwambie kwa upole: Ndugu yangu, nimekusikia. Nipe namba ya leseni, nitajie watu watatu waliowahi kushirikiana nawe, na wiki ijayo twende pamoja nikalione duara. Nitamwambia mke wangu na kaka yangu, kwa sababu ng'ombe hawa si wangu peke yangu. Akiwa mwaminifu atafurahi kwa kuwa amepata mshirika mwenye akili. Akikasirika, mpe buriani kwa heshima, uende zizini ukawahesabu ng'ombe wako. Utawakuta wote wanane.

Maswali ya kujipima

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kudhani na kuchunguza?

2. Washirika wa meli Central America walichunguza nini, na hawakuhakikisha nini?

3. Taja maswali matatu ya Hadhrat Umar r.a. Je, kuna mtu unayeshirikiana naye leo ambaye hujapata majibu yake?

4. Je, mapatano yako ya mali yameandikwa, na mkeo au mumeo anajua karatasi iliko?

Mwenyezi Mungu atujalie riziki ya halali, atupe washirika waaminifu, na sisi wenyewe atufanye watu wasioogopa kuulizwa. Amin.